Shanga ya Shaba

9 Januari

Mwanangu,

Natumaini mko wazima huko, wewe, mkeo na yule mjukuu wangu mwenye maneno mengi. Sisi tupo. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne amelisahau na anaanza kunisumbua mimi. Juzi tulinuniana siku mbili kwa sababu ya redio. Yeye anataka taarifa ya habari kwa sauti ya kuamsha mtaa, na mimi nimefanya kazi miaka thelathini na moja katika ofisi ya kumbukumbu, ambako mtu akikohoa wenzake wanageuka kumtazama. Tumepatana. Redio imehamia jikoni.

Sasa jambo lenyewe. Nimeipata bunduki ya kuwindia ya marehemu baba yako.

Unajua ilikokuwa. Wiki ile ya mazishi Msafi aliichukua, akasema ni kumbukumbu ya mwenzake aliyewinda naye miaka tisa. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumbishia. Lakini hakuandika uhamisho. Kwenye daftari la leseni za silaha bado iko kwa jina la kaka yangu, na mrithi wake ni wifi yangu, mama yako. Niliandika barua tatu kwa wale niliowafundisha kazi pale ofisini. Novemba askari akaenda kwa Msafi na karatasi, na Msafi akaitoa bunduki. Nasikia askari alikaribishwa chai.

Msafi alikuwa ameifunga darubini juu ya mtutu. Kilengeo cha nyuma, kile kibati chenye pengo ambalo jicho hupitia, amekitoa na matundu ya skrubu ameyaziba. Mbele, kwenye mdomo wa mtutu, kuna shanga. Nataka irudi kama ilivyokuwa mikononi mwa baba yako. Wewe ndiye fundi wa bunduki katika ukoo huu. Nitafutie kilengeo cha nyuma na shanga ya mbele vya wakati wake, vya kiwanda kilekile. Sitaki vinavyofanana. Bunduki yenyewe inabaki hapa; vipimo vyote nimeviandika nyuma ya karatasi hii.

Ya nini, usiniulize kwa sasa.

Shangazi yako


2 Februari

Shangazi, shikamoo,

Barua ilifika Ijumaa. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na ametangaza kwamba hatakwenda shule mpaka liote jingine. Mke wangu anakusalimu, anasema ile sweta uliyomfumia sasa inavaliwa na mama yake na hana ubavu wa kuidai.

Nimestuka kusikia habari ya bunduki. Sikutegemea kwamba ingetoka kwa yule mtu. Ingekuwa rahisi zaidi uitume kwangu. Kibali cha kusafirisha silaha kwa matengenezo hakichukui wiki mbili, na mimi nina leseni ya kuipokea. Vipimo vyako ni safi kuliko vya wateja wangu wengi, lakini fundi anahitaji kushika kitu.

Hata hivyo nimeanza kuuliza. Mfanyabiashara mmoja aliniapia kwamba anacho kilengeo cha zaidi ya miaka themanini. Kimekuja kina plastiki nyekundu inayowaka. Nimemrudishia na ujumbe kwamba plastiki hiyo na bunduki hiyo hazikuwahi kuishi dunia moja.

Kuhusu shanga ya mbele, usijisumbue. Hiyo iliyopo ni nzuri, imekaa imara. Iache.

Mama anajua unachofanya?

Mwanao


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mjukuu meno yangu saba hayapo na sijawahi kukosa kazini.

Mama yako anajua bunduki imerudi. Aliitazama mara moja ikiwa kwenye ghala la polisi, akagusa kitako, akasema twende nyumbani. Hajaitaja tena.

Haitakuja huko. Iko salama ilipo, na hapa kuna fundi mzee anayejua kufunga skrubu. Wewe tafuta, yeye atafunga.

Umeniandikia kwamba shanga iliyopo ni nzuri na imekaa imara. Nilikuambia tu kwamba kuna shanga. Sikukuambia ikoje.

Nakueleza sasa. Ni ya mfupa, nyeupe, nene kama punje ya mahindi. Nami ninayo nakala ya ukurasa wa leseni, niliyoinakili kwa mkono wangu mwenyewe mwaka baba yako alipoisajili. Imeandikwa: shanga ya shaba, ndogo, imenolewa na mwenye silaha. Kwa hiyo mtu aliibadilisha. Mimi nataka ya shaba.

Najua hupendi kuyazungumza haya, lakini nitayaandika mara moja ili tuwe tunasoma ukurasa mmoja. Baba yako alimlenga nyati hatua hamsini, risasi ikapiga mguu. Nyati akamjia. Alikaa hospitali siku tatu. Kwenye uchunguzi wa kifo Msafi alisema kwa kiapo kwamba bunduki ilikuwa nzima na kwamba mwenzake alikuwa akificha macho mabovu. Hakimu akaandika: kosa la mwindaji. Chama cha wawindaji kikafuta jina la kaka yangu kwenye ubao wao, na maeneo yake ya kuwinda yakaenda kwa Msafi. Wiki ileile ya safari, baba yako alinitilia uzi kwenye sindano niliyokuwa nahangaika nayo nusu saa. Hakuvaa miwani. Alinicheka.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi, shikamoo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi na mtoto alikuwa na homa, sasa amepona na anagombana na kila mtu.

Shanga nilibahatisha tu. Nyingi zimekaa imara.

Nina habari njema kuhusu kilengeo cha nyuma. Nilisafiri mwendo wa saa nne kwenda kwa mjane wa fundi mmoja wa zamani. Mama huyo anaishi chumba kimoja na makopo arobaini ya vipuri, yamepangwa ukutani mpaka darini. Nilimsalimu, nikamweleza ninachotafuta.

"Chukua yote," akasema. "Marehemu alikuwa ananiambia haya makopo ni mali. Nikamwambia, basi leo yakupikie."

"Yalimpikia?"

"Alikula mkate mkavu siku mbili, na hakuomba msamaha. Watu wa bunduki mna kichwa kigumu. Wewe umeoa?"

Nikasema nimeoa. Akasema mpe pole.

Kwenye kopo la ishirini na kitu nilikipata. Vibati viwili: kimoja kimesimama, cha hatua hamsini, kingine kinalala na kuinuliwa kwa hatua mia. Pengo lake ni pana, la umbo la kifua cha ndege anayeruka, jinsi kiwanda kile kilivyokata zamani kabla hawajaanza kuliziba kwa chini. Alama ya kiwanda ipo chini ya kibati. Rangi yake ya buluu imeisha kwenye kingo tu. Nakituma na barua hii. Mwambie fundi wako asikisugue.

Shanga ya shaba sijaipata.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Kilengeo kimefika na kimefungwa. Fundi mzee alikigeuza mara nne kwenye mwanga wa dirisha kisha akasema, "Aliyekitafuta hiki anajua kazi." Nikamwambia ni damu yangu. Akasema hakuuliza.

Sasa naweza kukuambia ya nini. Mwisho wa Agosti chama cha wawindaji kina siku ya silaha za kale. Kanuni zao nimezisoma mara mbili. Darubini hairuhusiwi. Kila kipande kiwe cha wakati wa silaha yenyewe, la sivyo inakataliwa mezani. Na kila silaha inakuja na fomu ya historia: kipande gani kiliwahi kubadilishwa, lini, nani aliagiza, fundi gani alifanya. Fundi anatia saini. Mkaguzi mkuu anaweka saini yake chini ya ile ya fundi, au anaandika pingamizi lake kwa mkono wake.

Mkaguzi mkuu ni Msafi. Ana miaka sita kwenye kiti hicho.

Nimeisajili kwa jina la wifi yangu. Nataka aishike, aisome, na aandike. Miaka ishirini na mbili jina la kaka yangu limekaa kwenye faili moja na maneno "macho mabovu", na mwandiko wa Msafi uko chini yake. Nimetunza mafaili maisha yangu yote, na faili hilo ndilo pekee ninalolichukia.

Bado shanga.

Shangazi yako


17 Mei

Shangazi, shikamoo,

Natumaini goti la mama limetulia. Huku ni mvua.

Nimeuliza kila ninayemfahamu. Shanga ya shaba ya kiwanda kile haipatikani. Naweza kukutengenezea moja kutoka kipande cha shaba cha zamani, hakuna atakayetofautisha.

Nina swali na naomba unijibu waziwazi. Unataka kumpiga Msafi risasi? Mke wangu amesoma barua zako na hajalala vizuri.

Mwanao


24 Mei

Mwanangu,

Mwambie mkeo alale. Ningetaka kumpiga risasi ningeiacha darubini yake ilipokuwa. Nina miaka sabini na moja, mkono unatetemeka nikimimina chai. Tena mtu akifa wanamwimbia sifa. Mimi namtaka akiwa hai, akiwa na afya nzuri, akiwa ameketi mbele ya wenzake.

Shanga ya kutengeneza siitaki. Hakuna atakayetofautisha, umesema, mimi nitatofautisha.

Nilikwenda ofisini kwao kukabidhi fomu ya usajili, na yeye alikuwepo. Bado ni yuleyule, viatu vinang'aa kama vile ardhi haimhusu. Kwenye meza yake kuna stapla, mhuri, na picha yake akiwa na pembe za mnyama.

"Dada," akasema, "umri huu unaingia mashindano?"

"Siingii mimi. Inaingia bunduki."

"Nani ataipiga?"

"Tutapata mtu anayejua kulenga."

Akacheka kidogo. "Nakushauri kama ndugu. Bunduki ile haipigi sawa. Inapiga chini. Nilihangaika nayo, ndiyo maana nikaweka darubini."

"Inapiga chini tangu lini?"

Akaanza kubana karatasi zangu kwa stapla. Alizibana mara tatu mahali palepale.

Haya ndiyo maneno yake, sijaongeza. Nilipofika nje niliyaandika kwenye bahasha nikiwa nimesimama.

Mwanangu, umeuliza kila unayemfahamu. Kuna mtu mmoja hujamuuliza. Nakupa mpaka mwisho wa Juni.

Shangazi yako


30 Juni

Shangazi, shikamoo,

Leo sina habari za nyumbani. Wote wazima.

Kwenye kiberiti kilichomo ndani ya bahasha hii, kimefungwa pamba, kuna shanga ya shaba. Ni yenyewe. Imekaa kwenye droo yangu ya chini miaka ishirini na mbili.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na karakana yangu ilikuwa na miezi minne. Unakumbuka mimi na baba tulikuwa hatusemeshani, kwa sababu niliacha kazi kwa fundi wangu mkuu bila kushauriana na mzee. Msafi akaja na bunduki. Akasema mzee anataka shanga nyeupe, kubwa, kwa sababu jioni, ile ya shaba haionekani. Sikwenda kumuuliza baba. Nilijiambia anaona haya kuja mwenyewe, ndiyo maana ametuma mtu. Nilifurahi.

Kazi ya shanga ina utaratibu wake. Unaiweka ndefu kwa makusudi. Kisha mwenye bunduki anapiga hatua hamsini, wewe umesimama kando na tupa ya kusagia chuma, unaipunguza kidogo kidogo mpaka risasi ipige pale anapolenga. Kupunguza unaweza, kuongeza huwezi. Shanga ikiwa ndefu, mdomo wa mtutu unainama bila mlengaji kujua, na risasi inakwenda chini. Mimi niliiacha milimita mbili juu ya ile ya zamani, nikimsubiri baba aje kupiga.

Jumamosi alikuja Msafi, si baba. Nikamwambia: "Bado. Hii inapiga chini. Mzee aje tuipime, asiende nayo hivi." Akasema, "Tutaipimia kambini. Nipe na hiyo tupa." Nikampa bunduki, nikampa na tupa.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya nyati.

Kwenye uchunguzi nilikaa benchi la nyuma. Msafi akaapa kwamba bunduki haikuguswa na fundi yeyote mwaka mzima. Nilifahamu kwamba ananificha mimi, fundi aliyetoa kazi isiyokwisha. Nikamwacha anifiche. Baada ya miezi miwili nikahama.

Sijui kama alifanya kusudi. Hayo ndiyo yote ninayoyajua.

Mwanao


6 Julai

Mwanangu,

Kiberiti kimefika.

Hakukuficha wewe. Mtu aliyeambiwa asiipeleke bunduki na akaipeleka, akisema fundi aliigusa, swali linalofuata ni nani aliichukua kwa fundi. Alijificha mwenyewe, ukamshikia pazia.

Kusudi au uzembe, hilo ataulizwa yeye. Mimi inanitosha kwamba aliambiwa.

Na wewe ujue hili. Tarehe mbili Desemba fundi mzee aliing'oa ile shanga ya mfupa. Chini ya tako lake kuna alama imegongwa, pembetatu yenye nukta katikati. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Fundi anayejiheshimu hugonga alama yake chini ya kila anachofunga, ili siku moja akiulizwa asiruke." Pembetatu yenye nukta iko kwenye bisibisi zako, kwenye bawaba za mlango wangu wa nyuma, na kwenye kile kisu ulichompa mama yako. Nilijua kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Ndiyo maana bunduki haikuja kwako. Niliogopa ungeisugua.

Nimekungoja miezi saba. Umenitumia plastiki, homa, mvua, na mjane wa makopo. Ulijitia hamnazo mpaka nikakosa hamu ya chakula.

Fomu ya historia naituma. Jaza kila mstari: tarehe, aliyeagiza, ulichomwambia Jumamosi ile, neno kwa neno. Tia saini na ugonge alama yako. Najua karatasi hiyo inaweza kukutoa kwenye kazi. Ukikataa, niambie kwa mstari mmoja. Nitaipeleka bunduki bila wewe, na alama itasomwa na watu wasiokujua.

Shangazi yako


19 Julai

Shangazi, shikamoo,

Fomu nimeijaza. Nimeisoma kwa mke wangu kwa sauti kabla ya kutia saini. Alisema mwandiko wangu umekuwa mbaya.

Nimegonga alama mara mbili kwa sababu ya kwanza ilififia.

Naomba kitu kimoja. Mama asijue kupitia kwa watu wa chama.

Sitakuja Agosti. Siwezi kusimama chumba kimoja na yule mtu nikaamini mikono yangu.

Mwanao


2 Septemba

Mwanangu,

Nakuandikia kwa mpangilio, usirukeruke.

Ukumbi wao una viti sitini na vyote vilijaa. Meza ya ukaguzi iko mbele, imefunikwa kitambaa cha kijani. Bunduki yetu ilikuwa ya nane. Katibu wa chama, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu, akaita jina la wifi yangu. Mimi ndiye niliyeipeleka. Shanga ya shaba ilikuwa kwenye mtutu, ya mfupa ilikuwa kwenye sahani kando yake, kama kanuni inavyotaka kwa kipande kilichoondolewa.

Msafi aliikagua vizuri, siwezi kumsingizia. Akapima kilengeo cha nyuma, akasema ni cha wakati wake. Akapima shanga, akasema hivyohivyo. Kisha akaichukua fomu. Aliisoma mara ya kwanza haraka. Mara ya pili akavaa miwani.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "haya mambo tungeyazungumza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kijana huyu anatafuta wa kumbebesha mzigo wake."

"Basi andika. Sehemu ya pingamizi iko chini."

Mtu wa mstari wa mbele akasema, "Weka saini tuendelee, mzee, jua linapanda." Katibu akamsogezea kalamu. Nimeona watu wengi wakiwa na kalamu mkononi na watu wanawasubiri. Huwa wanaandika zaidi ya walichokusudia.

Aliandika mistari mitano. Ninayo nakala: "Napinga. Ni kweli niliichukua silaha kwa fundi na aliniambia inapiga chini. Nilimfikishia marehemu taarifa hiyo mwenyewe, akaidharau. Sihusiki." Akatia saini, akagonga mhuri, akanirudishia kama mtu aliyeshinda.

Nikampa katibu karatasi ya pili. Ni nakala ya kiapo chake cha uchunguzi wa kifo, yenye mhuri wa mahakama, nimeitoa kwenye faili lile. Nikamwomba asome mstari wa kumi na nne tu. Akausoma kwa ile sauti yake ya mwalimu: "Silaha haikuguswa na fundi yeyote katika mwaka huo, nami sikuwa na habari ya kasoro yoyote." Kisha akasoma ile mistari mitano ambayo wino wake haujakauka. Halafu akazishika zote mbili juu, saini moja kila mkono, na akamtazama.

Msafi akasema ilikuwa zamani, mtu husahau. Yule wa mstari wa mbele akamuuliza, "Umesahau wakati ule au umesahau sasa?"

Tukatoka kwenda uwanjani. Nilikuwa nimeomba askari mstaafu wa kike, bingwa wao wa miaka miwili, apige. Risasi tatu kwa shanga ya shaba, hatua hamsini: zote ndani ya kiganja, katikati. Fundi mzee akabadilisha. Risasi tatu kwa shanga ya mfupa, amelenga palepale: zote zimekaa pamoja, karibu shibiri moja chini. Katibu akapima kwa rula na kuandika. Msafi hakutoka kuja kuona. Nilimwona kupitia dirisha, amekaa kwenye meza ya kijani, anafuta miwani.

Alhamisi kamati ilikaa. Msafi hayuko tena kwenye ukaguzi wala kwenye chama. Jina la kaka yangu limerudi kwenye ubao, kwa rangi mpya ambayo haifanani na ya majina mengine, na nimewaambia waiache hivyo. Karatasi zote mbili ziko kwa hakimu na faili limefunguliwa upya. Msafi ameitwa kutoa maelezo juu ya kiapo cha uongo. Jana nilipita mbele ya nyumba yake kwenda sokoni, njia ambayo si yangu. Alikuwa anafagia uani mwenyewe. Nikamsalimu kwa jina lake kamili. Nimefurahi, sitakudanganya. Nimefurahi kuliko inavyofaa umri wangu.

Sasa wewe. Siku ileile ya mashindano niliandika barua kwa wasajili wa mafundi, nikaomba leseni yako ifungiwe mwaka mmoja kwa kutoa silaha isiyopimwa. Wamekubali, taarifa yao utaipata. Ningeweza kuomba zaidi na wangenipa.

Kuhusu mama yako. Ulitaka asijue kupitia kwa watu wa chama, nami sikukuahidi chochote. Bunduki ni yake. Nilimsomea fomu yako siku mbili kabla, jikoni, redio imezimwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Siku ya mashindano alikaa mstari wa pili amevaa viatu vya kufungwa na hakutikisika. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Alimwambia Msafi kwamba inapiga chini?"

Nikasema ndiyo.

"Karakana yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu," akasema. "Baba yake alikuwa nyumbani Jumamosi na Jumapili. Alikuwa anapaka rangi mlango."

Anataka uje umweleze mwenyewe kwa nini hukutembea mtaa mmoja. Basi la asubuhi linafika hapa saa nane mchana. Mimi kwa upande wangu nimemaliza na wewe. Yeye hajaanza.

Shangazi yako


9 Septemba

Shangazi, shikamoo,

Barua ya wasajili ilifika Jumatatu. Leseni nimeirudisha na vifaa nimevifungia. Mkono wa jiriwa ya kubania vyuma nimeutia mafuta usije ukashika kutu mwaka mzima.

Nimekata tiketi ya Jumamosi, ya mtu mmoja. Mke wangu alitaka kuja, nikamwambia safari hii hapana.

Mwambie mama nimetafuta sababu nzuri ya siku zile mbili, sina. Nakuja na ile mbaya.

Mwanao